Kimo kinanunua nini?

Siku hizi vijana wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanatumiana kwenye simu matangazo ya aina mbili. La kwanza ni la vidonge vya kurefusha mwili, na picha ya mtu yule yule kabla na baada, ila baada amevaa viatu vyenye soli nene zaidi. La pili ni la hospitali za Uturuki zinazorefusha miguu kwa upasuaji. Vidonge tuviweke kando upesi. Mfupa mrefu hukua kutoka kwenye gegedu lililo karibu na ncha zake. Ubalehe ukiisha, gegedu hilo huwa limegeuka mfupa, na hakuna kidonge cha kulirudisha. Upasuaji ni jambo jingine, maana huo unafanya kazi kweli. Ulianzia Kurgan, Siberia, miaka ya 1950, kwa daktari wa Kisovieti Gavriil Ilizarov aliyekuwa akitibu watu waliovunjika vibaya: mfupa unakatwa, vipande viwili vinaachanishwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, na mwili wenyewe unajaza pengo. Sentimita 6 ni miezi miwili ya kuvutwa tu. Baada ya hapo kuna miezi mingine ya kungoja mfupa ukomae na kujifunza upya kutembea.

Mtu mwenye miguu mizima anakubali kuvunjwa yote miwili, tena kwa pesa zake. Tunaweza kumcheka, lakini afadhali kwanza tumuulize anadhani ananunua nini.

Ananunua heshima ya bure, kwanza. Mrefu akiingia mahali watu wanamsogelea. Mfupi anaulizwa ametumwa na nani. Kazi za ulinzi zinamtaka mrefu. Mwanaume akioa mke aliyemzidi kimo, mpiga picha anawaomba wakae kitini. (Msichana mrefu naye hana raha: tangu ana miaka 14 shangazi zake wanamuuliza wa kumuoa atatoka wapi.) Kisha kuna michezo. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa hapa Goma Oktoba 2002, mwaka ule ule lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilipokata mji, ana mita 2 hivi, na mwaka 2022 alikuwa bingwa wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, na timu ya Golden State Warriors. Dikembe Mutombo wa Kinshasa alikuwa na mita 2.18. Wanaotetea wafupi humtaja haraka Muggsy Bogues, aliyecheza NBA misimu 14 akiwa na mita 1.60, lakini anatajwa kwa sababu ni yeye tu wa kimo hicho aliyewahi kufika huko. Katika mpira wa kikapu warefu wameshinda, tusibishane.

Kuna na faida moja ambayo wenzetu wa miji mingine hawaijui. Upande wa Bulengo na Sake kuna mazuku, hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kulala kwenye mabonde, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo inajaa kuanzia chini. Mbuzi anaanguka kwanza, kisha mtoto, na mtu mzima aliyesimama anaweza kuwa bado anapumua. Aliyeinama kumwinua mtoto wake anaweza asiinuke tena. Hapo urefu ni uhai, na hakuna mzaha ndani yake.

Lakini hoja inayorudiwa kuliko zote ni ya pesa, na hapo nataka tukae kidogo.

Mwaka 2004 watafiti wawili, Timothy Judge na Daniel Cable, walikusanya takwimu za wafanyakazi wa Marekani na Uingereza. Baada ya kuondoa tofauti za jinsia, umri na uzito, walikuta kila inchi ya kimo, yaani sentimita 2.5 hivi, inaambatana na dola 789 zaidi za mshahara kwa mwaka. Kati ya mwenye mita 1.65 na mwenye mita 1.83 pengo linapita dola 5,500. Kwa mtu wa Goma hizo ni pesa za kujenga nyumba ya mbao na kubakiza. Muuza upasuaji akiipata namba hiyo ataitundika mlangoni.

Sasa tuipekue. Mwaka huo huo wachumi watatu, Nicola Persico, Andrew Postlewaite na Dan Silverman, walichukua wanaume weupe wa Uingereza na Marekani na kuuliza swali ambalo wengine hawakuliuliza: je, mshahara unafuata kimo cha leo au cha zamani? Walikuta unafuata kimo cha mtu akiwa na miaka 16. Wanaume wawili wana urefu sawa leo. Mmoja alikuwa mrefu shuleni, mwingine alichelewa na kurefuka baadaye. Yule aliyechelewa analipwa kama mfupi. Fikiria maana yake. Bosi hakuwaona wakiwa na miaka 16, basi hawezi kuwa analipia sentimita anazoziona mbele yake. Wenyewe walielekeza kidole kwenye timu na vikundi vya ujana, mahali ambapo kijana anajizoesha kuongea, kuongoza na kupendwa. Kwa hesabu hiyo, anayevunjwa miguu akiwa na miaka 27 ananunua sentimita ambazo soko la kazi halizilipi. Amechelewa miaka 11.

Mwaka 2008 wachumi wengine, Anne Case na Christina Paxson, wakateremka chini zaidi. Walionyesha kwamba tangu umri wa miaka 3, kabla ya shule na timu na wasichana, watoto warefu wanafanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili. Kimo hakileti akili, bali tumbo la mama, chakula na afya ya miaka ya kwanza vinajenga mfupa na ubongo kwa pamoja. Ukiziingiza alama zile za utotoni kwenye hesabu, sehemu kubwa ya faida ya kimo kwenye mshahara inayeyuka. Basi kimo ni risiti. Kinaonyesha kwamba kuna kitu kilinunuliwa zamani, na risiti ya bandia hairudishi bidhaa.

Hapa ndipo mfupi anapodhulumiwa. Wastani unawachanganya watu wawili tofauti kabisa: aliyekuwa mfupi kwa sababu babu na bibi zake ni wafupi, akashiba, akakua salama, na aliyepangiwa urefu akakosa chakula cha kuufikia. Wa kwanza hana pengo lolote la kuziba. Tunamhesabia upungufu wa mwingine.

Tena huyo mfupi aliyeshiba ana mali ambayo hatuimbi. Utafiti uliofuatilia wanawake zaidi ya milioni moja wa Uingereza, uliotoka mwaka 2011, ulikuta kila sentimita 10 za ziada zinaongeza hatari ya saratani kwa asilimia 16 hivi. Mwili mkubwa una seli nyingi zaidi, na homoni zinazoikuza mifupa zinazihimiza seli kugawanyika. Huko kusini mwa Ecuador kuna jamaa ambao miili yao haiwezi kuitikia homoni ya ukuaji. Watu wazima wao wana mita 1.2 hivi, na watafiti waliowafuatilia kwa miaka zaidi ya 20 hawakuona karibu saratani yoyote kwao, wala kisukari. Huko Hawaii, wanaume wenye asili ya Japani waliokuwa na mita 1.58 au chini yake waliishi muda mrefu kuliko warefu. Wanaume wa Sweden walio chini ya mita 1.60 wana hatari ndogo kwa asilimia 65 ya damu kuganda ndani ya mishipa, ukiwalinganisha na wa mita 1.90 na zaidi. Na kuanguka: mrefu anaanguka kutoka juu zaidi, na mwili wake ni mzito zaidi, kwa hiyo nyonga yake inavunjika kwa urahisi uzeeni. Mtu mrefu kuliko wote waliopimwa, Mmarekani Robert Wadlow wa mita 2.72, alikufa mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Chuma cha kumshikilia kifundo cha mguu kilimchubua, na mchubuko ukaingia uambukizo.

Upande wa pili una jibu lake. Moyo unawapenda warefu: utafiti wa vinasaba wa mwaka 2015 ulikuta kila sentimita 6.5 zinazopungua zinaongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 13 na nusu. Na kwa wanawake kuna jambo zito kuliko moyo. Mama wa chini ya mita 1.50 anaangaliwa kwa makini kwenye kliniki ya wajawazito, kwa sababu nyonga yake inaweza kuwa nyembamba na mtoto akakwama. Sisi wa Kivu tunajua kukwama kule kunaleta nini pale barabara ya kwenda hospitali ni ya siku nzima. Sitamwambia mama huyo kwamba ufupi ni baraka.

Nitaje na hatari nyingine, ambayo hakuna daktari anayeiandika. Katika eneo letu kimo kimefanywa kitambulisho. Wabelgiji walipima vimo na pua za watu wa Ruanda-Urundi na kuwagawa. Mwaka 1994 huko Rwanda, na tena Kinshasa Agosti 1998, watu walikamatwa na kuuawa kwa kuwa warefu na wembamba tu, hata kabla ya kuulizwa majina. Na wafupi wa misitu yetu walipata yao: Ota Benga, Mmbuti, aliwekwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mwaka 1906, Wamarekani wakilipa nauli kwenda kumtazama. Leo bado kuna anayemwita Mbuti "nusu mtu" kisha akaenda kusali. Mrefu na mfupi wote wameonja, kila mmoja kwa zamu yake.

Linabaki swali ambalo utetezi wangu wa wafupi hauwezi kulikimbia. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2013-2014 ulikuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka 5 wana udumavu, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, na katika Kivu zote mbili walizidi nusu. Nusu ya watoto hawawezi kuwa wafupi kwa kurithi tu. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani kiliwekwa kwa kupima watoto walioshiba wa nchi sita, Ghana, Brazili, India, Marekani, Norwei na Oman, na walikua karibu sawa mahali pote. Mvulana wa miaka 5 anatarajiwa kuwa na sentimita 110. Akiwa chini ya 101, kuna jambo. Na Wakorea Kusini walituonyesha damu inavyoweza kusingiziwa: wanawake wao waliozaliwa mwaka 1996 wamewazidi kimo wale wa 1896 kwa sentimita 20.

Basi mama mwenye mita 1.50 atajuaje kama mtoto wake ni mfupi kama yeye au ananyimwa kitu? Madaktari wana hesabu: kwa mvulana, jumlisha vimo vya wazazi, ongeza 13, gawa kwa 2. Lakini kama mama mwenyewe alidumaa, hesabu inarithi njaa yake na kuiita kawaida. Kinachosema zaidi ni mstari wa kimo kwenye kadi ya mtoto. Mtoto wa ukoo mfupi anakwenda chini ya wenzake, ila anapanda mwezi kwa mwezi, sambamba nao. Aliyedumaa alianza vizuri, kisha kati ya miezi 6 na 24, uji wa muhogo mtupu ulipochukua nafasi ya ziwa la mama, mstari ukalala. Huyo ndiye wa kupikiwa masosoma, uji wa mahindi, soya na mtama, na kupondewa sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wiki hiyo hiyo. Shida ni kwamba siku ya kupima watoto vituo vingi vinaweka mtoto kwenye mizani, vinaandika kilo, na ubao wa kupimia kimo unabaki umeegemezwa ukutani.