Gemu za video: raha ya kibandani na mtego wa simu

Mzazi akimkuta kijana wake amekodolea macho skrini usiku, maelezo huwa tayari: uvivu. Hayatoshi. Mvivu hakai wiki nzima akijifunza kukunja frikiki kwa pedi, kile kidude cha mkononi chenye vitufe vya kuchezea, mpaka mpira uzunguke ukuta wa mabeki.

Sababu ya kwanza ya gemu kupendwa ni kwamba zilifika kwa watu wasio na hela. PlayStation 2, mashine ya gemu inayounganishwa na TV, ilitoka mwaka 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani, lakini mitaani kwetu wengi waliijulia kibandani, kwenye vibanda vya kucheza gemu kwa kulipia. Unalipia mechi, unashika pedi, ukifungwa unampisha anayesubiri. Benchi limejaa watoto wasio na senti, wanabishana na kumwelekeza mchezaji ampe nani pasi. Anayedai gemu ni upweke hajawahi kuingia humo. Tena mle kuna haki ambayo mtoto haioni kwingine: mtoto wa fundi viatu anampiga tano bila mtoto wa mwenye nyumba, na matokeo yanabaki hivyo hivyo. Shuleni juhudi yake inajibiwa mwisho wa muhula. Kwenye gemu anajibiwa papo hapo, na akikosea anaanza upya bila kutukanwa.

Upande wa pili una hoja nzito pia, ingawa inayopigiwa kelele zaidi, ya gemu kuzaa ukatili, ndiyo dhaifu. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilisema mwaka 2020 kwamba ushahidi hautoshi kuzibebesha gemu lawama ya matukio ya ukatili, japo kiliona uhusiano mdogo na vitendo kama kufoka na kusukumana. Uraibu ni jambo jingine. Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, na vigezo vyake ni vikali: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo yote, anaendelea ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu miezi 12. Wanaocheza jioni na kulala hawamo.

Kwa nini basi wasiwasi wa wazazi unaongezeka? Naamini ni kwa sababu malipo yamebadilika. Mwenye kibanda alilipwa kwa mechi, na mechi ilikuwa na mwisho. Gemu kama Free Fire, iliyotoka 2017 na kuchezeka hata kwenye simu za bei nafuu, unaipakua bure. Kampuni inapata hela kwa wanaonunua mavazi ya wahusika na visanduku ambavyo hujui kilichomo mpaka ulipe. Ili wanunue, lazima kwanza wasiondoke. Ndiyo maana kuna zawadi ya kuingia kila siku, ofa inayoisha baada ya saa kadhaa, na ujumbe unaolia kumkumbusha mtoto aliyekwisha kulala. Raha ile ile ya kibandani imefungwa ndani ya duka lisilofungwa.

China ilijibu kwa saa. Tangu 2021, walio chini ya miaka 18 wanaruhusiwa gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Naona sheria hiyo inamwadhibu mtoto na kuliacha duka lilivyo. Ubelgiji iligusa duka lenyewe: mwaka 2018 tume yake ya michezo ya kubahatisha ilitamka kwamba visanduku vya kulipia katika baadhi ya gemu ni kamari, na mwaka uliofuata EA, kampuni inayotengeneza gemu ya mpira iliyoitwa FIFA, ikaacha kuuza nchini humo pointi za kununulia visanduku vya gemu hiyo. Mechi ziliendelea kuchezwa. Huo ndio mfano ningependa Tanzania na Kenya ziufuate, kwani huku mwenye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuweka mkeka, ilhali simu ya mzazi yenye salio inatosha kumfungulia kisanduku.