Konda wa basi anawashinda

Mwezi uliopita nilikuwa naenda Mwanza kutokea Dar, ndege ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo saa tisa usiku nishaamka, saa kumi na moja kasoro nishafika eapoti. Kampuni siitaji, sitafuti ugomvi. Muda ukafika, ukapita, skrini bado inasema ndege haijachelewa na ndege yenyewe hatuioni. Saa moja kimya, saa mbili kimya. Pembeni yangu kuna bibi na kikapu chake, kila spika ikikoroma ananigusa bega, "Mjukuu wangu, wamesemaje?" Namwambia bado, bibi. Saa tatu akaja kijana mwenye kitambulisho shingoni, watu wakamzunguka, akasema "sababu za kiutendaji" akaondoka zake. Bibi akaniuliza hizo ndo nini, mvua?

Hapo nikamkumbuka konda wa basi. Basi likipata pancha Shelui konda anashuka, anaangalia tairi, anarudi: "Jamani nusu saa tu tunaondoka." Muongo, wote tunajua ni saa nzima na zaidi, lakini si kasema? Unashuka, unanunua hindi la kuchoma, unapiga simu nyumbani wasiwahi kuja kukupokea.

Kuchelewa kwenyewe naelewa jamani. 2022 hata ndege za Airbus A220 za Air Tanzania (ATCL) zilipaki kwa shida ya injini za Pratt & Whitney, na haikuwa Tanzania peke yake. Ndege zikiwa chache, moja ikigoma asubuhi siku nzima inayumba, maana hiyohiyo ikitoka Mwanza inasubiriwa Mbeya. Mtu akielezwa hivyo kwa Kiswahili cha kawaida ataelewa, na yule bibi angeelewa.

Tena abiria wa sasa wengi ni wa aina ya yule bibi. Fastjet walivyoingia 2012 na nauli za kuanzia 32,000 kabla ya kodi, watu waliozoea basi ndo wakaonja ndege kwa mara ya kwanza, na hata walivyoacha kuruka 2018 ladha ilishabaki. Mtu wa hivyo hajui amuulize nani, anaona aibu, anakaa tu na kikapu chake. Halafu wa Dodoma akichoka anapanda zake treni ya SGR, ipo tangu 2024, sisi wa Mwanza tutakimbilia wapi? Ndo maana nahisi hawa wa ndege wanatuchukulia poa.

Tuliruka saa tano na dakika kumi. Wahudumu wa ndani walikuwa wakarimu sana, siwalaumu, juisi tulipata na karanga tulipata, bibi karanga zake akazitia kwenye kikapu za wajukuu.

Jioni nimeshaoga ndo meseji ikaingia, kampuni inaniuliza safari yangu naipa nyota ngapi. Kumbe namba yangu walikuwa nayo muda wote.