Walimu 22, Kompyuta 3, Akaunti Moja

Fundi wa kompyuta akiingia ofisi ya walimu akakuta mashine zote zimefunguliwa kwa akaunti moja, na nywila yake imeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya skrini, hutikisa kichwa. Halafu husema kile tunachosema sote: kila mtu awe na akaunti yake. Nimelisema hilo katika shule kadhaa. Katika moja niliruhusiwa kulitekeleza, na muhula ulipoisha nilirudi pale sauti yangu ikiwa imeshuka.

Ilikuwa sekondari ya wilayani yenye walimu 22, kompyuta 3 za mezani, na ruta ya laini ya simu ambayo bando lake linanunuliwa na ofisi. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani ya nyuma iliyoskaniwa na orodha za alama vilihama kwa flashi, na virusi vikihama navyo. Mwalimu wa taaluma alitaka kitu kimoja tu: anachohifadhi mtu kwenye kompyuta ya dirishani kionekane kwenye ile ya mlangoni, na nakala ibaki kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, hata mashine zikiibiwa. Walikuwa wameshaanza kwa njia yao, akaunti moja kwa wote. Mimi nikaivunja. Nikamfungulia kila mwalimu jina lake la kuingilia kwenye Windows, kila jina na akaunti yake ya wingu, na folda ya shule nikaigawa kwa wote.

Kwenye karatasi ilipendeza. Tatizo ni kwamba programu hizi za kusawazisha mafaili, yaani kuyafanya yafanane kwenye kila mashine na kwenye wingu, iwe OneDrive ya Microsoft au Google Drive, hufanya kazi ndani ya mtumiaji mmoja wa Windows. Hazijui kwamba jirani yake kwenye diski hiyohiyo ana nakala ya faili lilelile. Folda ya shule ilikuwa na GB 8, nyingi zikiwa picha za mitihani ya nyuma. Ukimpa kila mwalimu nakala kamili, mashine moja inabeba 22 mara 8, yaani GB 176, kwenye diski ya GB 256 ambayo Windows na programu zake zimeshakata fungu lao. Zidisha kwa mashine 3: nakala 66, GB 528 za kushushwa kwa bando, ili watu 22 wasome folda ya GB 8. Sijui kama kuna mkuu wa shule anayeweza kusaini hati ya malipo ya namna hiyo akanyamaza.

Mwenzangu wa fani atanikatiza hapa, na ana haki. Siku hizi hakuna lazima ya kushusha folda nzima. Tangu 2017 OneDrive ya Windows 10 inaweza kuonyesha majina ya mafaili tu, kila moja na alama ya wingu pembeni, na faili likashuka pale unapolifungua. Google nao wana utaratibu wao unaofanana na huo. Kwa hiyo zile GB 528 ni za fundi mzembe.

Sawa, tuseme mimi si mzembe. Nikawasha huo utaratibu. Mtihani wa nyuma wenye MB 40 unahitajika na walimu kumi kwenye mashine ileile wiki ileile: kila mmoja akiufungua kwa jina lake, unashuka mara kumi, MB 400, ingawa kwenye diski umeshalala tangu Jumatatu. Dropbox, programu nyingine ya kusawazisha, wana njia ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupeana faili bila kwenda nje. OneDrive na Google Drive hazina. Na siku ambayo mtandao haupo, ile alama ya wingu huwa na maana yake halisi: faili halipo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanguka, ofisi iliyokuwa na folda kamili kwenye diski ilichapa mtihani wake kama kawaida. Iliyokuwa na majina tu ilibaki kuyasoma.

Lakini hata bando si jambo lililonifanya nibadili msimamo. Lililonibadili ni adabu.

Kanuni ya kwanza ya kompyuta ya pamoja ni kwamba ukimaliza, utoke kwenye akaunti yako. Niliwafundisha walimu hilo siku nzima, na wale waliolishika vizuri kuliko wote ndio walioumia. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mtu makini, alikuwa anaingiza alama za Kidato cha Pili kwenye mashine ya dirishani. Kengele inalia, anahifadhi, anatoka kwenye akaunti, anakwenda darasani. Mchana anakaa kwenye mashine ya mlangoni, anafungua, alama hazipo.

“Fundi, kazi yangu imeliwa.”

“Madam, ulihifadhi?”

“Nimehifadhi, na nikatoka kama ulivyosema.”

Hapo ndipo ilipokuwa shida. Programu ya kusawazisha inafanya kazi mtumiaji wake akiwa ndani. Akitoka, nayo inasimama. Kwa mtandao wetu, faili lililohifadhiwa sasa hivi linaweza kuhitaji dakika kadhaa lipande, hasa kama mbele yake kuna foleni ya picha. Madam alihifadhi kwenye diski, akamfungia mlango mchukuzi aliyekuwa anabeba mzigo kwenda kwenye wingu. Alama zake hazikuliwa. Zilikuwa kwenye mashine ya dirishani, ndani ya jina lake, zikingoja arudi kukaa palepale. Lakini palepale ameshakaa mwalimu wa Jiografia, na yeye ana kipindi.

Waliokuwa wazembe walisalimika. Hawakutoka kwenye akaunti, walibonyeza tu kubadilisha mtumiaji, na programu zao zikaendelea kupandisha mafaili nyuma ya pazia. Ila ukiacha watu watano wamefunguka hivyo kwenye mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, wa sita anasubiri skrini kama anayesubiri basi la mwisho, mpaka mtu achoke na kuichomoa kwenye umeme. Kwa hiyo utaratibu wangu uliwaadhibu wenye nidhamu na kuinyonga mashine kwa ajili ya wasio nayo. Katika ile akaunti moja niliyoivunja, shida hii haikuwepo kabisa. Mashine inafunguliwa asubuhi, inabaki wazi, anayenyanyuka ananyanyuka, anayekaa anakaa, na faili la yule wa kwanza linaendelea kupanda huku wa pili akichapa la kwake.

Hawakuifikiria hivyo kwa maneno haya, lakini walikuwa wameielewa kompyuta yao kuliko mimi. Kwao ile ni mali ya ofisi, kama daftari la mahudhurio lililofungwa kamba mezani. Programu nilizowaletea zilizaliwa kwenye shida nyingine. Drew Houston, mmoja wa waanzilishi wa Dropbox mwaka 2007, husimulia kwamba wazo lilimjia akiwa safarini kwenye basi baada ya kusahau flashi yake. Huyo alikuwa mtu mmoja mwenye vifaa vingi, akitaka mafaili yamfuate. Ofisi ya walimu ni kinyume chake, na ukiilazimisha ile dawa bila kuangalia ugonjwa ni wa nani, unamlaumu mgonjwa kwa kutopona.

Upande wa pili una hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni kwamba akaunti moja haina mtu. Faili likifutwa kwenye mashine moja linafutika kote, na ukiangalia historia unaambiwa aliyefuta ni Shule, aliyebadilisha ni Shule, aliyerudisha ni Shule. Pipa la taka la Google Drive huhifadhi vitu siku 30, kwa hiyo anayekumbuka mapema anaokoa. Asiyekumbuka mapema ni yule anayetafuta alama za muhula uliopita. Watu wawili wakihariri faili moja kwenye mashine mbili, OneDrive inaweza kuzaa nakala ya pili na kuongeza jina la kompyuta kwenye jina la faili. Unajua mashine gani, hujui nani.

Nzito zaidi ni siri. Rasimu ya mtihani haiwezi kukaa kwenye folda ambayo mtu yeyote aliyetumwa kuchukua chaki ofisini anaweza kuiona skrini yake ikiwa wazi. Wala barua za nidhamu za watumishi, wala orodha ya wanafunzi wanaotumia dawa, wala hesabu za fedha za ruzuku. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina ya kwake ya 2019. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na karatasi ya nywila chini ya skrini ni vigumu kuiita ulinzi. Tena leseni za Microsoft 365 za ofisi huuzwa kwa kichwa. Watu 22 kuingia kwa leseni ya mmoja ni kuvunja mkataba, hata kama hakuna anayekuja kuhesabu.

Hoja moja ambayo walimu hupenda kuitoa siikubali: kwamba akaunti nyingi ni gharama. Google hutoa huduma yake ya elimu ya ngazi ya msingi bure kwa shule zinazokidhi masharti, na nafasi ya TB 100 ya kugawana shule nzima, huku akaunti ya kawaida ya bure ikiwa na GB 15 zinazoliwa pia na barua pepe na picha. Kinachotakiwa ni jina la shule kwenye mtandao, na kwa Tanzania lipo tawi la .sc.tz kwa ajili hiyo hiyo. Kinachokwamisha huwa ni nani atakaa na fomu.

Kwa hiyo siku hizi nikiitwa, naanza kwa kuuliza swali ambalo sikuuliza mara ya kwanza: ni mafaili gani yakionwa na mwalimu yeyote wa shule hii hakuna atakayeumia? Kwa kawaida ni mengi sana. Maazimio, maandalio, mitihani iliyokwisha kufanyika, ratiba, fomu tupu. Hayo nayaweka kwenye akaunti moja ya ofisi, ambayo ndiyo pekee inayosawazisha kwenye mashine za pamoja, folda nzima ikiwa imeshushwa kwenye diski. Inashuka mara 3 badala ya 66. Mashine haitoki kwenye akaunti mchana kutwa. Kila mwalimu anabaki na akaunti yake pia, lakini anaitumia kwenye kivinjari au kwenye simu yake, bila kuifunga kwenye mashine ya shule. Mitihani inayotungwa na karatasi za mhasibu haziingii kabisa kwenye mashine hizo. Zina kompyuta yao, chumba chao, na akaunti yenye jina la mtu. Mwenzangu mmoja ameniambia huku ni kurudi nyuma. Nimemwalika aje akae na Madam kipindi kizima.

Kuhusu kutojua nani amefanya nini, mwalimu wa taaluma wa shule ile alinishinda tena. Aliweka daftari la mistari pembeni ya kila mashine: jina, saa, faili. Nilicheka kidogo. Likaja kufutwa faili la ratiba, wakafungua daftari, wakampata mhusika kabla chai haijapoa, naye akakiri kwamba alidhani anafuta nakala tu ili kupunguza msongamano.

Lililobaki ni la simu. Akaunti ya shule ilikuwa na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila na kisha msimbo, na msimbo ulikuwa unakwenda kwenye simu ya mkuu wa shule. Asubuhi moja mashine ya mlangoni ilidai msimbo, na mkuu alikuwa kwenye mkutano Dodoma, simu imezimwa. Walimu wakarudi kwenye flashi siku nzima. Nikawachapia misimbo ya akiba ambayo Google hutoa, 10 kwa mara moja, kila mmoja ukitumika unakufa, na karatasi ikawekwa kwenye sefu ya mhasibu. Nilipopita mara ya mwisho, misimbo 3 ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, tarehe pembeni. Mkuu yule alikuwa ameshahamishiwa wilaya nyingine, na namba iliyosajiliwa kwenye akaunti bado ilikuwa ya kwake.