Fomula za Homer zinathibitisha nini?

Tangu mwanazuoni Mjerumani F. A. Wolf alipochapisha hoja zake mwaka 1795, wataalamu wanabishana iwapo Iliad na Odyssey, tenzi mbili ndefu za Kigiriki cha kale zinazohusishwa na Homer, zilitungwa kwa mdomo au kwa kalamu. Leo wengi hujibu "kwa mdomo", humtaja mtaalamu Mmarekani Milman Parry, na kufunga mjadala. Parry alithibitisha jambo kubwa kweli, ila amebebeshwa zaidi ya hilo.

Hoja yake inaanzia kwenye arudhi. Mtenzi wa Kiswahili huhesabu mizani, nane kwa kila mshororo. Mgiriki alipima urefu wa silabi: mstari una hatua sita, na kila hatua ni silabi moja ndefu na fupi mbili, au ndefu mbili, isipokuwa ya mwisho, yenye silabi mbili tu. Hivyo mstari wenye silabi 12 na wenye 17 yote miwili ni sahihi. Anayetunga papo hapo mbele ya watu hana muda wa kupima hayo yote. Anahitaji vipande vya maneno vilivyokwisha kukatwa, yaani fomula.

Na vipande vipo. Akitaka kumalizia mstari kwa Achilles, shujaa wa Iliad, ana *dios Achilleus* kwa silabi tano, *podas okys Achilleus* kwa saba, *podarkes dios Achilleus* kwa nane. Odysseus, shujaa wa Odyssey, naye ana *dios*, *polymetis* na *polytlas dios*, kwa vipimo vilevile. Kwa kawaida kila nafasi ina lakabu moja tu, bila ziada. Ndiyo sababu katika kitabu cha 1 cha Iliad, Achilles ameketi kando ya merikebu kwa hasira, na bado anaitwa *podas okys*, "mwepesi wa miguu". Lakabu imeitwa na kipimo, wala haijali anafanya nini wakati huo.

Mfumo mpana namna hiyo hauwezi kuwa kazi ya mtu mmoja. Umebeba hata sauti zilizokufa: neno *anax*, "mfalme", mara nyingi linakaa kwenye mstari kana kwamba bado linaanza na w, na vibao vya Linear B, maandishi ya Kigiriki ya kabla ya alfabeti, vilivyofumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, vinaliandika *wa-na-ka*. Hapo upande wa mdomo umeshinda.

Lakini fomula zinatuonyesha malenga alifunzwa wapi. Hazisemi alikuwa akifanya nini siku Iliad hii tuliyo nayo ilipotungwa. Aliyelelewa kwenye kughani anaweza kushika kalamu, na lakabu zisimtoke kinywani.

Halafu kuna urefu. Iliad ina mistari zaidi ya 15,600. Kwa mistari 10 kwa dakika, hizo ni saa 26 hivi. Wanaotetea mdomo humleta Avdo Međedović, malenga asiyejua kusoma, ambaye mwaka 1935 alimpa Parry na msaidizi wake Albert Lord, kule Yugoslavia, utenzi wa mistari 12,311. Ushahidi mzuri, lakini una makali mawili. Utenzi huo aliutoa kwa imla, mwandishi akinakili, na kisa chenyewe alikuwa amesomewa kutoka kitabu kilichochapwa ambacho hakikufika mistari 2,200. Kilichourefusha ni ustadi wake, pamoja na msikilizaji mwenye daftari asiye na haraka ya kwenda kulala.

Ndiyo maana hoja ya imla, kwamba malenga alighani na mwingine akaandika, anayoitetea mtaalamu Richard Janko, naiona nzito kuliko ya mwenzake Martin West, aliyeshikilia kwamba mshairi aliandika mwenyewe na kuirudia kazi yake kwa miaka mingi. Alfabeti ilikuwepo: kikombe kilichochimbuliwa Pithekoussai, kisiwa cha Italia, cha karne ya 8 KK, kimechorwa mistari mitatu, miwili kati yake ikiwa ya arudhi hiyohiyo. Lakini mwenye muda wa kurudia angesahihisha. Pylaimenes, mmoja wa wakuu wa vita, anauawa katika kitabu cha 5 cha Iliad. Katika cha 13 anafuata maiti ya mwanawe akilia. Katika cha 9, wajumbe watatu wanatumwa kwa Achilles, na vitenzi vinavyowasindikiza ni vya umbo ambalo Kigiriki hulitumia kwa watu wawili tu. West alikuwa na majibu ya makosa haya, kwamba ni viraka vya mtu aliyeongeza sehemu baadaye, na kwa wale wajumbe jibu hilo halipuuziki. Kwa Pylaimenes halitoshi: kumfufua au kumwacha mfu kungegharimu mistari miwili tu.