Kinanda cha kanisa, mlango wa nani?

Mei 2023, huko Carnac, magharibi mwa Ufaransa, tamasha la Kali Malone, mtunzi na mpiga kinanda Mmarekani, lilivunjika kabla ya kuanza. Wakatoliki wenye msimamo mkali walizuia watu kuingia katika kanisa la Saint-Cornély. Desemba 2021, mjini Nantes, mwanamuziki Anna von Hausswolff wa Sweden alipatwa na hayohayo. Waliompinga walidai ni wa shetani kwa sababu ya maneno ya wimbo wake wa zamani, ilhali safari ile alikwenda kupiga kinanda kitupu, bila kuimba.

Wanaopinga wana hoja, na si ndogo. Kanuni ya 1210 ya sheria za Kanisa inataka mahali patakatifu patumike kwa ibada, na mengine yahitaji kibali cha askofu. Sheria ya Ufaransa ya 1905 nayo, ingawa iliyaacha majengo mengi ya makanisa mikononi mwa halmashauri za miji, inalinda matumizi yake ya kidini. Paroko akikataa, amekataa. Hata hofu ya kuharibika kwa chombo si ya kubuni: mtunzi György Ligeti alipoandika Volumina, kazi ya kinanda inayoanza kwa mpigaji kulaza mikono juu ya vibonyezo kwa mkupuo, mazoezi yake kule Göteborg, Sweden, yaliunguza mota ya kinanda.

Lakini kinanda cha mabomba hakihamishiki. Katika vinanda vikubwa bomba refu laweza kukaribia mita 10, na mwangwi wa jengo ni sehemu ya sauti yenyewe. Mtunzi akivuta rejista, yaani kishikizo kinachofungulia mabomba upepo, nusu tu, upepo unaingia kwa uchache; noti inashuka, inatoa mvumo wa pumzi. Noti mbili zilizopishana kidogo zikishikiliwa pamoja, unasikia mdundo ambao hakuna kidole kinachoupiga. Muziki huu ni wa polepole, unadai utulivu, na kwangu uko karibu zaidi na sala kuliko matamasha mengi ya Krismasi yanayoruhusiwa bila neno. Tena chombo hiki kilipigwa kwenye viwanja vya mapigano vya Warumi karne nyingi kabla ya kuingia kanisani.

Kwa hiyo naiheshimu hapana ya paroko, hata ikiniuma. Ninachokikataa ni hapana ya kundi la mlangoni. Kule Nantes dayosisi ilikuwa imesharidhia. Waliozuia watu hawakutumwa na parokia wala askofu, na muziki wenyewe hawakuupa nafasi ya kusikika.