Sampuli za Mirihi na ule mlango wa Apollo 11

Wanaotaka sampuli za Mirihi zifungiwe kwenye maabara ya ulinzi mkali zikifika duniani, kwa hofu ya vijidudu vya huko, huchekwa kana kwamba wametoka kutazama filamu. Wanaocheka nao wana hoja. Mawe ya Mirihi hutuangukia tangu zamani. La Nakhla liliangukia Misri mwaka 1911 na hakuna tauni iliyofuata. Na kijidudu kisichowahi kukutana na mwili wa binadamu kitajulia wapi kuushambulia?

Sawa. Ila jiwe la Nakhla lilitangatanga angani mamilioni ya miaka likipigwa mionzi, ilhali sampuli zinazokusanywa huko Mirihi na roboti Perseverance zimezibwa ndani ya mirija ya titani. Isitoshe, Septemba 2025 NASA ilitangaza kwamba mojawapo, iliyotobolewa mwaka 2024, ina alama zinazoweza kuwa za uhai wa kale. Huwezi kuomba fedha kwa kuwa huenda uhai upo, kisha ukaomba masharti yalegezwe kwa kuwa haupo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi si kijidudu, ni mlango. Wengi wanakumbuka picha ya Rais Nixon akiongea na wanaanga wa Apollo 11, waliotoka mwezini, kupitia dirisha la karantini. Kabla ya picha ile, Julai 24, 1969, chombo chao kikielea Pasifiki, mlango ulifunguliwa baharini. Mzamiaji akawapa mavazi ya kujitenga, wakavaa humo ndani, wakashukia boti ya mpira, naye akaupangusa mlango kwa dawa ya ayodini. Hewa ya ndani na vumbi la mwezi lililokuwamo vilishapata njia. Kukiinua chombo kizima hadi melini, watu wakiwa ndani, kulionekana ni hatari na mateso kwao. Nani angewalaumu? Haukuwa uzembe, ilikuwa huruma, na karantini ikatobolewa hata kabla haijaanza.

Ndiyo maana kigezo kinachotajwa sana, kwamba uwezekano wa chembe moja isiyotakaswa kuponyoka uwe chini ya moja kwa milioni, nakipenda kwenye karatasi tu. Mwaka 2004 kapsuli ya Genesis, iliyorudisha chembe za upepo wa jua, ilijibamiza kwenye jangwa la Utah kwa sababu vitambuzi vilivyopaswa kufungua parachuti vilifungwa juu chini. Juu chini! Hesabu gani ya uwezekano ilikuwa na nafasi ya kosa hilo? Waliosanifu kapsuli ya kuleta sampuli za Mirihi waliondoa parachuti kabisa, wakaiunda istahimili kishindo.

Wanajiolojia hulalamika kwamba kutakasa sampuli kwa joto huharibu kilekile wanachokitafuta, na hapo wako sahihi. Lakini kuta wanazozilaumu zinawalinda wao pia. Chembe ya Ryugu, asteroidi (mwamba mdogo unaolizunguka jua), iliyoletwa na chombo cha Japani Hayabusa2 mwaka 2020, ilikaa kidogo tu kwenye hewa ya maabara, ikaota vijidudu. Vya hapahapa duniani.