Ardhi kwanza, kesi baadaye: kwa nini wakulima wa Morelos walikuwa sahihi

Tarehe 28 Novemba 1911, siku 22 tu baada ya Francisco Madero kuapishwa kuwa rais wa Meksiko, wakulima wa jimbo la Morelos walimtangazia uasi kupitia tamko lao, Mpango wa Ayala. Tangu hapo kiongozi wao, Emiliano Zapata, amelaumiwa kwa pupa: kwamba angempa Madero muda, nchi isingetumbukia tena vitani. Lawama hiyo siikubali. Anayeitoa hajakisoma kifungu cha 6 cha mpango ule kwa makini.

Vijiji vya Morelos vilikuwa na hati za ardhi tangu enzi za ukoloni wa Hispania. Sheria ya mwaka 1856 ikazinyima jumuiya haki ya kumiliki ardhi kwa pamoja. Reli ikafika mji wa Cuautla, jimboni humo, mwaka 1881, ikaleta mashine nzito za kusaga miwa. Mashine hizo zilitaka miwa mingi, na miwa ilitaka ardhi na maji, kwa hiyo mabwana wa mashamba makubwa wakasogeza mipaka mwaka hadi mwaka. Mwanakijiji alipokwenda mahakamani alimkuta hakimu anayekula sahani moja na bwana shamba. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Madero aliahidi nini? Mpango wake wa San Luis Potosí wa 1910, kifungu cha 3, ulisema hukumu zilizowapora wadogo zitapitiwa upya. Lakini zipitiwe na nani? Mkataba wa Ciudad Juárez wa Mei 1911 ulimwondoa dikteta Porfirio Díaz, ambaye Madero alikuwa ameongoza uasi dhidi yake, ukaacha jeshi lake na mahakama zake kama zilivyokuwa, tena ukaagiza waasi wavunje vikosi vyao. Wapiganaji wa Zapata walikuwa katikati ya kusalimisha bunduki pale Jenerali Victoriano Huerta alipoingia Morelos na jeshi la serikali, Agosti mwaka huohuo. Kumwambia mtu wa namna hii avute subira ni kumwambia asahau shamba lake.

Kifungu cha 6 kilipindua utaratibu wote. Kijiji chenye hati kinaingia shambani mara moja na kulilinda kwa silaha. Bwana shamba anayejiona ana haki ndiye atakayekwenda kujieleza mbele ya mahakama maalumu, tena baada ya ushindi. Mzigo wa ushahidi ukahama mabegani mwa mnyonge. Hapakuwa na wazimu wowote humo: kifungu cha 7 kilitwaa theluthi moja tu ya mashamba makubwa, kwa fidia iliyolipwa kabla.

Mwaka 1915, Morelos ilipokuwa mikononi mwa Wazapata, jambo hilo lilitekelezwa. Vijana kutoka Chuo cha Taifa cha Kilimo walikuja kupima mipaka. Ugumu ulijitokeza hapo, maana hati za kale hutaja kijito, mti au ukuta wa mawe, na vijiji jirani navyo viligombania mpaka mmoja. Mpimaji hupenda mstari ulionyooka. Zapata aliwaagiza wafuate ukuta ambao wanakijiji wanautambua, na kona zake zote, hata ikiwachukua miezi sita. Hilo kwangu ndilo jambo kubwa kuliko vita vyake vyote, kwa sababu mpaka usiotambuliwa na jirani hurudi kuwa ugomvi hata ukichorwa vizuri namna gani.

Linganisha na sheria ya Venustiano Carranza, kiongozi wa kundi la mapinduzi lililopigana na Wazapata, ya tarehe 6 Januari 1915. Nayo ilikubali kurudisha ardhi, ila ombi lilianzia kwa gavana, likapita tume ya jimbo, likaenda tume ya taifa, hadi saini ya rais. Kila mlango ulikuwa mahali pa faili kulala. Kifungu cha 27 cha katiba ya 1917 kiliimarisha haki hiyo, lakini ugawaji mkubwa, takriban hekta milioni 18, ulisubiri utawala wa Lázaro Cárdenas, 1934 hadi 1940. Zapata alikuwa ameuawa kwa hila Chinameca, tarehe 10 Aprili 1919.

Kasoro ya kifungu cha 6 ninaiona: kilimfaa mwenye hati. Kibarua aliyezaliwa ndani ya shamba la bwana, asiye na kijiji wala karatasi, alibaki kutegemea ile theluthi ya kifungu cha 7. Na mwaka 1916 majeshi ya Carranza yakaivamia Morelos.